Siku Dada Alipomnawisha Bibi Maendeleo

Nyumbani kwetu Kibara mgeni haonyeshwi shida. Anaonyeshwa mkeka mpya, watoto waliooga na sufuria iliyojaa. Kwa desturi hiyo nzuri, dada yangu nusura akose shule.

Dada alizaliwa na ulemavu wa akili. Alikuwa mcheshi kuliko sisi wote, lakini shule ya kijiji ilimrudisha nyumbani wiki ile ile aliyoanza. Kisha tukasikia halmashauri imefungua darasa la watoto kama yeye kule Bunda, la bweni, chakula juu ya halmashauri, na kwamba ofisa wake wa kike, bibi maendeleo, atapita vijijini kuchagua wanaostahili.

Miaka hiyo sabuni ilikuwa haionekani madukani. Mama alitoa kipande alichokificha, akamsugua dada mpaka akang'aa, akamvika gauni la kuazima, akamfundisha kupiga goti, kuamkia na kumnawisha mgeni mikono.

Dada hakukosea hata kidogo. Bibi maendeleo alikula ugali na samaki sato, akaridhika, ndipo akauliza, "Sasa mama, mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyo aliyekunawisha."

"Huyu? Huyu hana shida, mama. Na nafasi zenyewe chache." Akaanza kutafuta viatu vyake.

Nilimkasirikia mama vibaya sana. Anatabasamu tu! Kumsema mwanawe mbele ya mgeni, tena dada mwenyewe anasikia, alishindwa kabisa. "Anatusaidiaga sana," ndilo lililomtoka.

Dada naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi, akaleta maji tena. Akamnawisha mgeni, akaenda, akarudi na mengine. Bibi maendeleo akavua saa, akanawa kila alipoletewa, huku akimtazama mama.

"Sema, mama."

"Nikifa," mama alisema, "nani atamwambia inatosha?"

"Ungeniambia hilo kabla sijala," bibi maendeleo akajibu, akavuta kiti akakaa tena.

Siku ya safari ya Bunda, dada alipanda lori la pamba kwa furaha, akaanza kuwaamkia abiria wote mmoja mmoja. Lori likaondoka. Mama alibaki ndani ya vumbi, analia huku anacheka.

"Hata kugeuka hajageuka!"

"Si ndicho ulichokuwa unaomba?" baba alimtania.

"Ndicho," mama alisema, akakaa chini pale pale barabarani.