Jembe la Kukopa

"Huyo hamalizi kulima ngwe moja kabla ya kuomba kiti," alisema mama mpika pombe, jirani yetu, siku niliporudi Makuyuni na diploma yangu ya kilimo. Watu wakacheka, wakanibandika jina la Bwana Shamba. Nilikuwa nimejisomesha kwa kukata mkonge, bila senti ya mtu.

Baba hakucheka. Jumbe alikuwa amemwambia kwamba sehemu ya shamba letu itakayokutwa pori baada ya masika itapewa Mzungu wa mkonge tuliyepakana naye. Vigingi vilikwisha kupigwa mpakani. Mgongo wa baba ulikuwa umekataa. Alilima kando ya nyumba tu. Kila alasiri alikwenda kukaa karibu na vigingi, panga mapajani, kana kwamba vingetembea akigeuka.

"Nitamwandikia Bwana Disii, mkuu wa wilaya," nilimwambia. Kiingereza changu kilikuwa kizuri.

"Andika. Pori halisomi."

Nikatangaza ujira. Hakuja mtu. Masomo yalikuwa yamenisahaulisha kwamba kwetu jembe hukopwa: mtu anakulimia siku moja, nawe unamrudishia siku moja, kwa mkono wako. Baba hakukopeshwa tena, maana kila mtu aliona hana mkono wa kurudisha.

Nikavua viatu, nikapita nyumba kwa nyumba. "Shikamoo. Namkopea baba jembe. Nitarudisha mimi."

"Kwa kalamu?" mama mpika pombe aliuliza.

"Kwa jembe, mama."

Walikuja, wengine ili waone nikiaibika. Mvua ilikuta mbegu ardhini hadi mpakani. Jumbe alipita, akatazama, hakukuta pori, akaenda zake bila kung'oa vigingi.

Ndipo nikaanza kulipa. Nililima na kupalilia mashamba ya watu mpaka viganja vikawa vigumu kama vya baba. Yeye alikuwa amelala kitandani, hawezi tena kufika mpakani. Kila jioni aliuliza, "Leo umerudisha kwa nani?"

Wa mwisho alikuwa mama mpika pombe. Nilipomaliza ngwe yake alinitolea kiti. "Kaa, Bwana Shamba."

"Ahsante, mama. Sijachoka." Nilikuwa nimechoka sana.

Nikaenda kumwambia baba kwamba hadaiwi na mtu.

"Vigingi vipo?"

"Vipo, baba."

Akageukia ukuta. "Basi kesho ukakope tena."