Shangazi Nthofeela na Tumbusi Aliyeshiba

Shangazi yangu Nthofeela akicheka, mbwa wa jirani hubweka. Anapika pombe ya mtama, ana mwili mkubwa, na duniani anaogopa kitu kimoja tu: ukingo wa genge. Kwetu Lesotho genge liko nyuma ya kila nyumba, kwa hiyo kuni anaokota bondeni. Kule juu, anasema, amewaachia mbuzi.

Asubuhi moja tulimkuta tumbusi ndani ya zizi lake la mawe. Punda wa jirani yetu Sekhonyana, Ntate kama tunavyomwita kila baba, alikufa jana yake, na ndege huyu alikuwa amemla hadi shingo imevimba. Sasa hakuweza kuruka. Zizi liko shimoni, upepo haufiki. Anakimbia kidogo, anapiga mabawa, anagonga ukuta, anakaa chini kama mlevi.

Sekhonyana akaja na rungu. Mganga wa ng'ambo ya mto alimwagiza kichwa cha tumbusi, eti ukikilalia unaota mambo ya kesho.

"Punda wangu yumo tumboni mwake," alisema. "Kwa haki, ndege ni wangu."

"Basi chukua tumbo, kichwa uniachie."

"'M'e Nthofeela," alisema, maana kwetu kila mama ni 'M'e, "ndege asiyeruka ni kuku."

"Ataruka. Akishindwa mpaka jua lizame, mchukue."

"Atarukia wapi, jikoni kwako?"

Shangazi akatazama kule juu. "Gengeni," akasema, na Sekhonyana akacheka mpaka akaliegemea rungu lake.

Shangazi alimfunga tumbusi kwa blanketi, kichwa nje, akambeba kifuani kama mtoto. Njiani ndege akamtapikia. "Afadhali, mzigo umepungua," alisema, akaendelea kupanda. Sekhonyana alitufuata.

Huko ukingoni upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, baridi tupu. Shangazi alifanya tunavyofanya sote: akaupa mgongo. Akamfungua ndege vile vile. Upepo ukamwingia kwa nyuma, manyoya yakasimama, akabingirika kwenye nyasi.

"Kuku," Sekhonyana alisema.

Lakini tumbusi alijizoa, akageuka mwenyewe, akaukabili upepo. Alipofungua mabawa kidogo tu, miguu yake ikaanza kuwa myepesi juu ya nyasi. Shangazi aliona. Akamnyanyua tena, na safari hii akageuza uso kule asikotaka kutazama.

"Ntate, nishike."

Sekhonyana akatupa rungu, akamshika kiuno.

Shangazi akafungua mikono. Tumbusi akaanguka, akapotea chini ya ukingo. Nikajua basi. Kisha akatokea mbele yetu, mabawa yamenyooka kama ubao, anapanda bila kuyapiga. Nimewatazama tumbusi sana tangu siku ile. Tumbusi akielea huwa anashuka wakati wote, anateleza chini polepole; ila hewa ya gengeni inapanda haraka kuliko yeye anavyoshuka, basi inakwenda naye juu.

"Hajapiga bawa," Sekhonyana alisema, kichwa nyuma, mdomo wazi kama mtoto. "Hata mara moja. Umeona?"

"Si nimesimama hapa?" Shangazi alikuwa ukingoni kabisa, anacheka, machozi yanapeperushwa na upepo. "Na wewe, Ntate, hiyo mikono utaitoa lini?"

"Upepo mkali, 'M'e," alisema Sekhonyana. "Ngoja utulie kwanza."