Mwanamke Aliyefungua Mlango Siku ya Umuganda

Kama umekuja kunicheka, bora uende ukanywe chai yako mapema. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, macho yangu yalikuwa wazi, na hadi leo sijui niyaite nini. Shehe mmoja aliniambia ni jini. Dada yangu anasema ni uchungu ulinichanganya akili. Sawa, lakini uchungu huo ulichanganya akili ya nani, yangu au ya mume wangu? Sikiliza kwanza.

Mimi ni msusi, nina saluni Mwanza. Mume wangu ni fundi wa kuchora mabango ya maduka. Tulikuwa na mtoto mmoja, Nasra, na homa ilimchukua kabla hajamaliza darasa la kwanza. Mimi nililia, niligombana na manesi, niligombana na ndugu, nikapumua. Baba Nasra hakutoa hata chozi. Alikuwa anakaa tu, brashi zake zimekauka kwenye kopo, ukimwekea chakula anakigusagusa halafu anakusukumia sahani. Mwanaume aliyekuwa anakula mpaka ukoko! Nikaona huyu naye ataniondokea. Nikamwambia twende Kigali, maana siku zote alitamani kuona kazi za wachoraji wa kule. Yeye atazame picha, mimi nile vizuri, turudi tukiwa watu tena.

Tulifikia nyumba ya wageni Nyamirambo, mtaa ambako Kiswahili kinasikika dukani na msikitini. Jumamosi asubuhi tukatoka mapema. Mapokezi hakuna mtu. Nje hakuna mtu. Maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, hata muuza vocha hayupo. Nikasema, "Baba Nasra, hawa watu wamehama?" Akainua mabega. Tukatembea hivyo hivyo kuelekea Nyakabanda, mtaa wa jirani, na mimi naona aibu ya kusikia viatu vyangu mwenyewe.

Ndipo tukaona mlango mmoja wazi. Ukuta wa nje umechorwa zile pembe za imigongo, michoro yao ya asili, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na mlangoni amesimama mama mrefu, amevaa mushanana, ile nguo yao ya kufunga bega moja. Akatukaribisha kwa Kiswahili. Na niamini, kilikuwa Kiswahili cha kwetu kabisa, cha kanda ya ziwa, kana kwamba amekulia nyuma ya saluni yangu. Nilifurahi. Sikujiuliza kitu.

Ndani kuta zimejaa picha. Mume wangu akaanza kupita moja moja, mikono nyuma, na mimi nikamwona usoni ameamka kidogo. Halafu akasimama na hakuendelea. Nikamfuata. Ilikuwa picha ya meza ya chakula, na mezani ameketi mtoto wa kike, ametupa mgongo, nywele zimesukwa mistari ya kwenda nyuma. Anapeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto.

Nasra alikuwa anakula kwa kushoto. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Na ile misuko, mimi ni msusi, naijua misuko ya mkono wangu. Mstari wa tatu huwa naupinda kidogo karibu na sikio kwa sababu Nasra alikuwa na kovu pale. Kwenye picha ulikuwa umepindwa.

"Mmefiwa," yule mama akasema nyuma yetu. Hakuuliza, alisema.

Mume wangu akakaa chini, sakafuni, akalia. Kilio cha miezi yote kikatoka siku hiyo, kwenye nyumba ya mtu tusiyemjua. Nilikuwa nataka kumshika, lakini hasira zikanitangulia. Nikamgeukia yule mama. "Nani kakwambia habari zetu?" Alileta kibuyu cha juisi ya ndizi chenye mrija, akamwinamia mume wangu. "Kunywa, baba. Utapumzika."

Akanywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka shamba. Kisha mama akaninyooshea na mimi. Nikakataa. Wala sikuwa mjanja, usinipe sifa nisiyostahili. Nilikuwa nimekasirika tu, na mimi nikikasirika sili cha mtu. Akanitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, akasema, "Basi utabeba peke yako." Nikamvuta mume wangu mkono tukatoka.

Barabarani watu walikuwa wanarudi, wamebeba majembe na mapanga, wanacheka. Mume wangu akafuta uso, akajinyoosha, akaniita kwa jina langu. Jina langu la usichana, ambalo hajalitamka tangu Nasra azaliwe. "Njaa inaniuma," akasema. "Twende tukale."

Nikasema, kilio kimemfungua. Nikamshukuru Mungu, wallahi nikamshukuru na yule mama.

Tulipata mkahawa wa mama mmoja wa Kiislamu, Nyamirambo pale pale, wote wanamwita Hajati. Mume wangu alikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, akala isombe, ile mboga ya majani ya mihogo, akaomba sambaza, dagaa wao wa kukaanga, akapangusa sahani. Mchana tukaenda kwenye makumbusho ya sanaa, akanieleza picha moja baada ya nyingine, huyu kaanza na rangi hii, huyu kaharakisha hapa, mpaka mlinzi akawa anatufuata kusikiliza. Ile ndiyo siku niliyoiomba. Niliishika mkononi kabisa.

Jioni tukarudi kwa Hajati. Akatuletea chai ya maziwa, akauliza kama wanavyouliza watu wazima, "Watoto wako wangapi?"

Mume wangu akajibu, "Bado, mama. Tuombee."

Nilimpiga teke chini ya meza. Akanigeukia anashangaa. Nikamwambia polepole, "Na Nasra?" Akasema, "Nasra gani?" Hakuwa anatania. Ningemjua. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, namjua akidanganya, masikio yake yanatembea. Masikio yalikuwa yametulia.

Nilimvuta Hajati jikoni nikamweleza yote, nalia huku nasema. Alinisikiliza, uso ukabadilika. "Asubuhi? Leo ni umuganda, dada. Jumamosi ya mwisho ya mwezi sisi wote iko nje, tunafyeka, tunazibua mitaro. Hakuna mtu anafungua mpaka saa tano."

"Yeye alifungua."

"Na hiyo juisi. Alionja?"

"Kuonja vipi?"

"Huku mtu hakupi kinywaji bila kuonja yeye kwanza. Hata mama yangu ananionjea. Alionja ao hakuonja?"

Nikakumbuka mrija. Nikakumbuka midomo yake. Hakuonja. Sisi wa kwetu tungejuaje? Kwetu mgeni akipewa, anapokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Hajati akavaa viatu akanisindikiza Nyakabanda kabla giza halijaingia. Mlango ulikuwepo, umefungwa kwa kufuli. Jirani mmoja ndiye aliyekuwa na ufunguo, akasema nyumba inasubiri mpangaji. Alitufungulia. Kuta tupu, misumari tu imebaki. Mama wa mushanana hamjui. Niliuliza na kuuliza mpaka Hajati akanishika bega, "Dada, twende."

Sasa yako maswali ambayo kila mtu ananiuliza, ngoja nikujibu kabla hujafungua mdomo. Ndiyo, nilimpeleka hospitali tuliporudi. Walimpima kichwa, wakasema mzima. Ndiyo, nimemwonyesha picha ya Nasra. Anaishika vizuri, anaitazama, anasema, "Mtoto mzuri. Wa nani?" Mama yake mzazi alimkalisha chini akamweleza kila kitu, siku ya kuzaliwa, siku ya kuzikwa, naye akasikiliza kwa heshima, akamwambia pole. Kesho yake asubuhi hakumbuki hata hayo mazungumzo.

Na amepona. Hilo ndilo linalonichanganya. Analala, anakula ukoko, mabango yake yanapendeza kuliko zamani. Nimkasirikie kwa lipi? Ijumaa nikienda kaburini ananisindikiza, ananishikia mwavuli. Siku moja aliniuliza, "Huyu alikuwa nani kwako?" Nikamwambia mtoto wa rafiki yangu. Akapalilia majani kwa vidole vyake, taratibu, kisha akasema huyo rafiki yangu lazima aliumia sana.

Ziko siku natamani ningekunywa. Nakuambia ukweli. Naamka akilini nimeshafunga begi, nafika Nyakabanda Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nagonga. Halafu najiuliza, nikinywa na mimi, Nasra atabaki na nani? Nani atajua kwamba alikula kwa kushoto? Basi nalifungua begi.

Kwa hiyo nawe unayesafiri, sikukatazi kula vya watu, kula ushibe. Lakini ukifika kwenye mji wa kimya, ukaona mlango mmoja tu uko wazi, pita. Na kama umeshaingia, ukapewa kinywaji, hata ukiwa na kiu namna gani, mwambie mwenyeji anywe kwanza, umtazame anavyomeza.

Ngoja niinuke, mume wangu ananiita chakula kipo tayari. Siku hizi anapika yeye. Ananiita kwa jina langu, na mtaani watu wamemsikia, wameanza kumuiga. Wewe ukinikuta, nakuomba, niite Mama Nasra.