Maharage Yasiyopikwa

Mwaka 2015, Warundi walipoanza tena kumiminika kambi ya Nyarugusu wakikimbia machafuko ya kwao, nilipata kibarua cha ukalimani. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alikuja Kasulu kuchunguza nishati ya kupikia kambini. Hakujua Kirundi, mimi Muha nilikielewa karibu chote, maana kinafanana na Kiha chetu. Asubuhi tulipita kwenye mahema na mizani ya kuning'iniza, tukipima kuni za kila kaya. Jioni tulirudi kupima zilizobaki.

Katika kaya hizo alikuwamo mama mmoja, mwalimu kutoka Bujumbura. Kwao alipikia mkaa, na umeme alikuwa nao wa kupigia pasi. Hapa alipikia mafiga, akikohoa kwa moshi. Hakujua mumewe aliko.

Siku moja tulimkuta mlangoni pa hema, mkono umefungwa kitenge. Alikuwa ametoka nje ya kambi kutafuta kuni, wanakijiji wakampiga na kumnyang'anya panga na mzigo.

"Walisema tunawamalizia msitu," aliniambia. "Walisema kwa lugha yako, dada."

Nilitafsiri yote, hata hilo, nikiangalia chini.

"Kwa hiyo leo hakuna cha kupima," mtafiti alisema. "Muulize jana walikula nini."

"Uji," mama alijibu. "Maharage ya mgao yanataka moto wa nusu siku. Tumeyaacha kwenye gunia. Watoto wanayachezea."

Mtafiti akairudisha mizani kwenye mkoba. Tangu siku hiyo, kila hema tulilofika alinituma niulize kwanza ni chakula gani kimeshindikana kupikwa. Karibu kote jibu lilikuwa maharage, mpaka nikachoka kulitamka.

Nyumbani, kijijini kwetu si mbali na kambi, nilimsimulia mama yangu habari za yule mwalimu.

"Masikini," alisema. Halafu akaniuliza, "Na sisi tutapikia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Na yeye siku hizo alifuata kuni mbali, na miguu ilikuwa inamuuma.

Kabla mwaka haujaisha, yule mwalimu alihamishiwa kambi nyingine, Kibondo. Nilikwenda kumuaga penye mabasi. Mkono wake ulikuwa bado haunyooki.

"Huko kuna msitu?" aliuliza.

"Upo, mama."

"Na wenyewe wapo," alisema, akapanda na wanawe.

Kibarua kilipoisha nilirudi shambani. Sikupata tena habari zake.