Pamba ya Umande

Jumapili, saa kumi na moja jioni, ndipo Bibi alipoanza kuniambia haya. Tulikuwa kwenye turubai nyuma ya nyumba yake, kijijini, nje kidogo ya Bariadi, tunachambua pamba. Safi upande wake, fifi upande wangu. Fifi ni ile yenye madoa, iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu, ambayo wanunuzi huichukua kwa kununa. Nilikuwa nimetoka kumwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nataka kuacha kazi, na usiku nikilala natamani kusikuche.

Kazi yangu ni kukatisha tiketi za basi stendi. Abiria unamkamata kwanza kwa mdomo, ndipo unamkatia. Mimi tangu shule sina mdomo. Wapiga debe wananiita Kanisa, kwa ukimya wangu. "Kanisa, leo hakuna misa? Hebu imba Mwanza tusikie!" Na bosi naye: "Binti, watu wanakupita kama ukuta. Nikuweke wewe au niweke kopo la rangi?" Wanacheka wote, na mimi nacheka nao, halafu naenda chooni kulia.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yakawa mabaya, Mjomba akanitafutia nafasi hii. Nalala kwake mjini, mtaa wa Somanda. Amesema nikiiacha nihamishe na godoro. Mama Minza, fundi cherehani wa mtaani kwetu, amekubali kunifundisha, ila mwaka mzima hakuna malipo. Sasa nitakula nini, nitalala wapi?

Bibi alinyofoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa.

"Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa msichana kama wewe, nafagia manyoya kwenye kiwanda cha pamba, njia ya Malampaka. Manyoya yanaingia puani, yanaingia kwenye ugali. Mashine inanguruma mpaka ukilala bado unaisikia. Na nyapara wetu, yule, kila neno lake lilikuwa na mama wa mtu ndani. Nikasema basi, naenda kuuza chai stesheni. Treni ya Mwanza ikisimama watu wanakunywa, wanaondoka, hakuna wa kunitukana.

"Alfajiri moja sikwenda kiwandani. Niliingia shambani kwa bibi yangu, nikavuna kwa hasira, ili akiamka akute gunia limejaa, aone mimi si mvivu. Akanikuta. Hata salamu hakunipa. Alitia mkono ndani ya gunia, akaikamua pamba. 'Nani kakufundisha kuvuna na umande?' Nikamwambia, 'Bibi, naacha kazi.' Akasema, 'Kazi sijauliza. Nimeuliza umande.'"

Hapo Bibi alinitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa, maana kwetu hilo hata watoto wanalijua. Pamba ya umande kwa macho ni nyeupe tu. Ukiishindilia kwenye gunia inapata joto humo ndani, na ukija kuifungua imekuwa rangi ya chai.

"Akaimwaga yote juani," Bibi akaendelea. "Akanikalisha pembeni yake. 'Hasira yako ina umande,' akaniambia. 'Ngoja jua. Ikikauka uichambue. Kipi ni kazi, kipi ni huyo nyapara, kipi ni njaa, kipi ni wewe mwenyewe. Usishindilie vyote gunia moja.'"

"Ukafanyaje, Bibi?"

"Sikungoja. Niliacha siku ileile." Alicheka kidogo, lakini uso wake haukucheka. "Mwanzoni chai ilikwenda. Baadaye treni zikapungua, chai ikawa inapoa mbele yangu. Nyapara naye nikaja kusikia alihamishwa msimu uleule. Pengine ningebaki ningekufa kifua kama wenzangu wengine. Pengine leo ningekuwa na nyumba ya bati. Sijui, mwanangu. Na wa kuniambia hayupo."

Nilikuwa nimekuja aniambie vumilia, au aniambie ondoka. Hilo la sijui sikulitarajia.

"Haya, chambua," akasema. "Vijana wanaokuita Kanisa?"

"Fifi."

"Bosi?"

"Fifi."

"Kuita abiria?"

"Hiyo Bibi hata mdudu hali."

Akacheka kweli safari hii. "Kwa mjomba wako?"

Nilionyesha upande wangu, wa fifi.

"Na cherehani?"

"Safi."

"Umeshawahi kuikalia siku nzima?"

"Hapana."

"Basi itoe huko. Hujaishika."

Upande wa safi wa mambo yangu ukabaki turubai tupu. Nikaanza kulia. Bibi hakunibembeleza, aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Sikia, mwanangu. Usiache kazi siku uliyotukanwa. Na usibaki kwa sababu ya godoro la mjomba. Siku umekula, umelala, hakuna aliyekuudhi, ukachambua ukaona bado fifi tupu, hiyo ndiyo siku yenyewe. Uage kwa mdomo wako, usitoroke kama mimi. Na huko unakokwenda usikuite kuzuri mpaka umekushika kwa mikono yako. Mimi pesa ya kukulisha mwaka sina. Mahindi ninayo, na sehemu ya kulala hapa utabanana na mbuzi."

Akachukua maji mdomoni, akanipulizia viganjani kama wazee wetu wanavyofanya. "Nenda salama, ng'wanawane, mwanangu. Unachokishika kisikuunguze. Na mdomo wako ufunguke pale unapotaka wewe."

Asubuhi yake, hapohapo kwa Bibi, niliamka nimelala vizuri. Nilikula viazi. Hakuna aliyeniudhi. Nikachambua tena moyoni, na bado ilikuwa fifi tupu. Nilikaa mlangoni mpaka umande ulipokauka kwenye majani, ndipo nikampigia bosi.

"Leo siji, bosi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mjomba wako anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe jioni."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuambia. Leo nataka kushika kitu kingine kwanza."

Akakata. Nilipanda bodaboda mpaka kwa Mama Minza, nikamwomba nikae kwenye cherehani siku moja tu, mpaka jioni. Akanipa kipande cha shuka kuukuu. Nikakanyaga, na mstari wangu wa kwanza ukaenda upogo.