Risasi za Kindi

Jirani yangu akianza kupima baruti ya risasi anazojitengenezea, mkewe Lorna huvaa koti zito jikoni kwake mwenyewe. Hita lazima izimwe, kwa sababu upepo wake unatikisa mizani, na nje ni theluji ya Montana. Mzee ana vidole vinene kama mpini wa jembe, lakini chembe ya baruti huiokota kwa kibano kama anayemtoa mtoto mwiba. Ukimsalimia, hajibu mpaka mizani itulie. Risasi ikizidi uzito kidogo tu, huguna "mh-mh", huifumua na kuanza upya. Yote hayo ni kwa ajili ya kindi wa ardhini, wachimba mashimo, waliolitoboatoboa shamba lake mpaka ng'ombe wanateguka miguu.

Mwezi wa Aprili aliniita nishuhudie; Lorna naye akaja. Alilala kifudifudi, akafyatua mara nne kwenye karatasi ya shabaha iliyobandikwa kwenye ubao, mita mia mbili mbele. Darubini ilionyesha tundu moja tu: zote nne zilipita hapo hapo. Kabla ya risasi ya tano, kindi mnene akapanda juu ya ubao, mkia wake ukafunika lile tundu. Jirani yangu akaacha bunduki, akapiga makofi.

"We! Shuka hapo! Toka!"

"Si kwa ajili ya huyo ndiyo nimeganda kwa baridi tangu Novemba?" Lorna akafoka. "Mpige basi!"

"Kwa risasi hii? Hii ni ya karatasi. Huyo nitampiga kwa risasi mbovu."

"Haya, ilete hiyo mbovu."

Akapapasa mifuko, akafungua boksi, akalifunga, kisha akatutazama kama tumemtukania mama.

"Mimi sitengenezi mbovu."