Anayewaita Mbwa kwa Sauti ya Marehemu

Saa moja asubuhi, ukungu haujaachia miti ya Milimani. Kwenye baraza ya nyumba yenye mapazia yaliyofungwa, Mzee Owino amesimama, chupa ya mafuta ya maini ya samaki mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Anakohoa kidogo. Anafumba macho. Halafu kutoka kinywani mwa mwanamume huyu mwenye mvi inatoka sauti nyembamba ya mwanamke wa Kizungu.

"Kamoni, dalin. Kamoni." Njoo, mpenzi, kwa Kiingereza.

Mbwa wawili wanatoka chini ya meza. Bruno ni mzee asiye na haraka. Tina ni mtoto wa miezi saba, miguu yake ya mbele imepinda kama upinde. Paka, Sultani, anashuka dirishani. Hakuna anayemtazama Owino. Wanatazama kiti cha fito kilicho pembeni mwa baraza, na mkia wa Tina unapiga sakafu.

Kijiko kimoja kwa kila mbwa. Paka hupewa matone tu, maana akizidishiwa shingo hukauka. Kisha vinafuata vidonge vya hamira, vimepondwa ndani ya nyama ya kusaga.

"Ndani ya mafuta haya mna vitamini," Owino ananiambia mimi mwandishi niliyekuja kumwona, sasa kwa sauti yake nzito. "Huzioni, lakini zikikosekana mfupa unakuwa laini kama mshumaa. Lo, binti yangu, usikae hapo! Kaa kwenye ngazi. Hicho kiti kina mwenyewe."

Mwenyewe amezikwa. Wafanyakazi walimwita Memsahib Maua kwa sababu ya waridi zake. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti hicho kila asubuhi akiita wanyama wake, na Owino, mzaliwa wa Gem, akimshikia chupa.

Baada ya mazishi wanyama waligoma. Tina alitema mafuta, akatema nyama, akalala kuelekea ukutani. Daktari wa mifugo alikuwa amekwisha sema kwamba bila mafuta hayo miguu ile haitapata nguvu. Ndipo kaka wa marehemu, mkulima wa pareto huko Molo, alipokuja kufunga nyumba, akamwona Tina akijikokota.

"Aliniambia, 'Mwisho wa mwezi mimi nakuja na lori,'" Owino anasimulia. "'Huyu natembea mwenyewe mpaka lango, mimi nachukua nyinyi wote shamba. Hapana tembea, napiga bunduki. Mimi hapana taka ona taabu.'"

Sasa huko nyuma ya majiko ya Milimani kuna mchezo wa jioni. Mpishi, yaya na mtu wa bustani huigiza mabwana zao, na anayechekesha kuliko wote humiminiwa chai ya kwanza. Owino, akimwigiza Memsahib, hakuwahi kushindwa.

"Huyu alituvunja mbavu," asema Nasimiyu, yaya wa nyumba ya pili, akichungulia juu ya ua wa kayaba. "Anajifunga kitambaa, anatembea hivi, kidevu juu! Siku hizi hakuna anayecheka. Wewe mzee, utamwamsha yule mama."

"Ningefanya nini?" Owino anamjibu. "Mtoto alikuwa anakufa mbele yangu. Nikatoa ile sauti ya mchezo. Akaja akijikokota, akalamba kijiko mpaka kikang'aa. Maneno yenyewe hata maana yake sijui."

Nyumbani Gem ana mjukuu mwenye miguu kama ya Tina. "Nilidhani ni kazi ya Mungu," asema, akiifunga chupa polepole. "Kumbe ni kukosa kijiko."

Hata hivyo, wiki iliyopita mafua yalimfunga koo, sauti ikapotea kabisa. Alitoka na chupa bila kujua atafanyaje. Akawakuta wanyama wameshakaa mstari mmoja, macho kwenye kiti.

"Mimi nikapiga kelele kutoka huku," Nasimiyu anadakia. "Nikamwambia, 'Owino, leo umeanza mapema kuita!' Akageuka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaacha nepi kwenye kamba, nikakimbia."

Kwao, Owino aeleza, mtu hufundishwa tangu utotoni asiitikie sauti ya aliyekufa. "Lakini hakuna aliyenifundisha habari ya kuiazima. Labda mwenye kitu amekuja kukidai."

Tangu sauti yake irudi ameendelea kuiazima ile ya marehemu, kwa hofu. Akiacha, Tina atagoma. Akiendelea, hajui ni nani atakayeitika.

Siku ya lori inafika. Bwana wa Molo anasimama langoni, bunduki imeegemea gurudumu. Tina amelala barazani.

"Ita yeye," Bwana anasema.

Owino anafungua mdomo. Anamtazama mtu huyu, ambaye pua yake ni ile ile ya dada yake, na ile sauti nyembamba anaimeza. Anaita kwa sauti yake, kwa lugha ya mama yake: "Bi, Tina. Bi, nyathina." Njoo, mwanangu.

Tina haondoki. Anakitazama kiti.

Bwana anaishika bunduki. Owino anaita tena, sauti ikipasuka. Hakuna upepo, hata jani la waridi halitikisiki. Lakini kiti cha fito kinalia, taratibu, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Tina anasimama. Anashuka ngazi moja moja, anavuka majani, miguu imepinda lakini inabeba, mpaka anagusa mbao za lango kwa pua.

Bwana amevua kofia. Hamtazami mbwa. Anatazama kile kiti barazani. Kisha anaagiza vitu vipakiwe: makapu, chupa, na kile kiti.

"Kiti hapana, Bwana," asema Owino. "Tafadhali. Kibaki."

Kinabaki.

Nyuma ya lori, Sultani akiwa kapuni, Owino anaeleza mipango yake. Molo kuna baridi, atakuwa akiipasha chupa moto kwapani. Akishazoeleka shambani ataomba chupa nyingine, ya mjukuu kule Gem. Na mchezo wa kuigiza ameuacha.

"Nimemwambia Memsahib apumzike," asema, mkono juu ya kichwa cha Tina. "Watoto nitawaita mwenyewe."

Lori linaondoka. Mbwa wote wawili wanatazama nyuma, kilipo kiti, mikia inapiga mbao. Owino hageuki.